Saa ya Kifahari ya Nati ya Bomba

Daktari wa macho kule Embu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama yangu ana presha ya macho, alisema, jicho la kushoto limeshaanza kuharibika, na dawa ya matone itiwe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku, bila mzaha. Kinachopotea hakirudi. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili akinitazama mimi, sijui kwa nini.

Mtu mwenye akili zake angetoka pale, akavuka barabara, akamnunulia mama yake saa ya plastiki. Mimi niliamua kumtengenezea.

Naomba nieleweke. Nilikuwa karani mjini Meru, mchana kutwa nikigonga mihuri, na jioni nikitazama kwenye simu picha za saa za Uswisi ambazo huvaliwa na watu wasio na haja ya kujua ni saa ngapi, maana wanaosubiri ni wengine. Kulikuwa na moja iliyonitoa roho: ya dhahabu, nyembamba, uso wa buluu, ukingo wa pembe nane na skrubu nane. Mama yangu, nikajiambia, hawezi kuvaa plastiki. Mama mwenyewe sikumuuliza.

Alikuwa akiishi peke yake Kiritiri, kule Mbeere, na mbuzi wake na shamba lake la ndengu. Simu alikuwa nayo, ila aliizima na kuifunga kwenye leso ili chaji ifike Jumapili. Wakati aliujua kwa jua na kwa watoto wa shule wanaopita njiani. Jua hilo, kama unavyojua, usiku halina msaada, na watoto hufunga shule.

Kwa muuza vyuma chakavu pale Makutano, mjini Meru, nilipata nati kubwa ya shaba, ya mabomba ya zamani, yenye pembe nane kamili. Nilikaribia kulia. Fundi wa mashine ya leth ya kuchongea vyuma, ambaye kazi yake halisi ni vyuma vya malori, aliipunguza unene huku akiniuliza kila baada ya dakika kama nina hakika. Nikapachika skrubu nane za miwani. Hazikushika kitu chochote, lakini kwenye picha zilikuwepo. Uso niliukata kwenye kifuniko cha kopo, nikaupaka rangi ya kucha, nikaandika namba kubwa nyeupe, moja hadi kumi na mbili, hiyo ikiwa heshima pekee niliyoyapa macho ya mama. Mkanda ukawa wa ngozi ya mbuzi. Na mashine ya ndani? Hiyo niliitoa kwenye saa ya plastiki. Ndiyo, ile ile. Niliinunua, ikiwa inatembea vizuri, nikaipasua.

Kazi ilichukua miezi miwili, mingi ikiwa ya kupiga msasa. Miezi hiyo miwili mama alitia dawa kwa kukisia. Naliandika hili haraka ili lipite.

Nilipompelekea, aliigeuza mkononi, akasema ni nzito, akaivaa kanisani. Nilirudi Meru nikiwa nimevimba kichwa. Mwezi uliofuata nilikwenda kumwona, na ilikuwa saa tisa alasiri, lakini mshale mfupi ulikuwa umetulia kwenye tisa badala ya tatu. Nikacheka, nikakivuta kile kifungo cha pembeni, nikairekebisha, nikamweleza mama kwa Kimbeere kwamba mashine za bei rahisi ndivyo zilivyo. Alinitilia uji.

Safari iliyofuata, vilevile. Saa ilikuwa imekosea kwa masaa sita kamili, si matano wala saba, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote asiyejipenda kama mimi. Nikaondoka nayo hadi Makutano. Fundi wa saa aliifungua, akaisikiliza, akaifunga.

"Mashine iko sawa, boss," alisema. "Wewe angalia mtu anaivaa."

Nilikasirika kwa niaba ya mama. Nikabadilisha betri bila kushauriwa na mtu, na kwa kuwa saa ilikuwa imeshafunguliwa, nikaona niing'arishe tena upande wa nyuma, ule unaogusa ngozi na usioonwa na kiumbe yeyote. Ikakaa kwangu wiki tatu. Mara ya tatu ikakaa zaidi ya mwezi, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba zile pembe nane hazilingani. Kisha nikamrudishia.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari alipima jicho la kulia, akapima la kushoto, akalipima tena la kushoto. Kisha akauliza dawa ilikuwa ikitiwa lini. Nilidakia kabla ya mama, nikaanza habari za mashine, betri na hali ya hewa ya Mbeere. Akaniomba ninyamaze, akamgeukia mama.

"Daktari, saa ni mzuri," mama alisema. "Watu wakiniambia ni saa mbili, mimi naweka mkono yake kwa mbili, na inatembea vizuri tu. Sasa huyu mtoto yangu akikuja, anapeleka kwa nane. Halafu anaenda nayo Meru, na mimi natia dawa kwa kukisia."

Daktari aliitazama saa yake mwenyewe, ambayo mshale wake ulikuwa kwenye kumi, ilhali sote watatu tulijua kuwa ni saa nne. Kisha akaandika kwenye kadi kwamba la kushoto limekwenda, na tulilinde la kulia.

Nilimuuliza mama pale pale, mbele ya daktari, kwa nini hakuniambia. Sikuuliza kwa upole. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu huwa inatoka kama hasira.

"Umesoma," alinijibu. "Nilifikiri kuna kitu unajua."

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa. Mama alitaka kujua kama tumechelewa. Akainua mkono wenye saa, ukapita mbele ya jicho la kushoto bila kusimama, ukaenda hadi la kulia, karibu kabisa. Mshale ulikuwa kwenye nne.

"Saa nne," alisema.

Nikamwambia ndiyo, mama, ni saa nne.