Namba iliyokuwa kimya grupu la Kiriba

Jamani, leo nimemfukuza mkamwana wangu bila kujua.

Mimi ndiye admini wa grupu letu la WhatsApp la kulinda mifugo hapa Kiriba, na hakuna mwizi wa ng'ombe ananipitaga.
Kuna namba moja haina picha. Mwezi mzima inasoma tu, haisalimii.
Nikaiandikia mbele ya wote: "Wewe jasusi, jitambulishe!"
Kimya.
Nikaitoa.

Mara mwanangu Magesa anapiga. "Baba, umemtoa mke wangu! Alishakubali kurudi Jumamosi kutoka kwao Bunda."
"Mbona hajibu?"
"Ajibizane na ba'mkwe wake mbele za watu?"

Kumbe alikuwa ananiheshimu.
Nikamrudisha haraka. Amejitoa mwenyewe.

Nani wa kuniombea msamaha?
Na nyie mnaonisoma kimya hapa, kila mtu aseme ni mkwe wa nani.