Kiyoyozi Kilichomfumania Baba Mkwe

Wasomaji, nichekeni, ila taratibu. Mwezi uliopita nilifunga sebuleni kwangu, hapa Somanda, kifaa kinachowasha kiyoyozi chenyewe kikihisi mtu kaingia, halafu kinanitumia ujumbe kwenye simu. Mke wangu Milembe aliuliza kina faida gani wakati madirisha tunayo. Nikamwambia hajui maendeleo.

Juzi asubuhi nilikuwa ofisini nikiwaringia wenzangu, simu ikalia: "Kuna mtu sebuleni. Kiyoyozi kimewashwa." Milembe alipaswa kuwa dukani kwake sokoni. Nikampigia jirani. Akasema amemwona Milembe akifungua mlango, yuko na mwanaume, wakaingia ndani.

Damu ikanichemka. Milembe akapiga, nikakata. Akapiga tena, nikakata, nikijiambia anataka kunidanganya. Nikapanda bodaboda, nikampitia mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Majirani walivyoniona natweta, wakatufuata hadi mlangoni.

"Toka nje, mwanaume usiye na haya!" nilinguruma. "Unapozwa kwa umeme wangu!"

Mlango ukafunguka taratibu. Akatoka baba mkwe wangu, mzee mfugaji wa ng'ombe kutoka kijijini Bukundi, kajifunga kitenge cha binti yake mpaka masikioni, meno yakigongana.

"Mwangaluka, mkwe wangu," alisalimia. "Milembe kanileta nipumzike, kisha karudi dukani; nina kliniki ya macho mchana. Amesema anakupigia hupokei. Mwanaume ni mimi. Sasa kizimeni hiki kitu, kinaniua kwa baridi."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka.