Maziwa ya Mama Mdogo

Miaka ile ya hamsini, mama mdogo alipoacha kwenda shambani na kujifungia ndani, kijiji chetu kando ya Tana hakikukosa maneno. Wengine walisema ana jini, wengine mvivu. Jirani akakataza wanawe wasicheze kwetu, utafikiri huzuni ni upele! Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Kulikuwa na mama wa Kiorma kutoka upande wa Garsen, aliyezoea kubadilishana na mama mdogo maziwa kwa mpunga. Nilipotoka kuyapokea, alikataa.

"Rafiki yangu ni yeye. Nitampa mwenyewe mkononi."

Akaketi mlangoni na kibuyu chake, akawa anampigia soga kupitia ule mlango uliofungwa: mvua imenyesha wapi, ng'ombe gani kazaa, na ndama wake mweupe aliyekataa kunyonya. Habari ya ugonjwa hakuigusa. Kisha akaondoka na maziwa yake, na kesho yake akarudi. Nyanya alinuna kwa kunywa chai isiyo na maziwa, lakini hakumfukuza.

Asubuhi moja mlango ulifunguka kidogo, ukatokea mkono wa mama mdogo umeshika bakuli.

"Yule ndama," akauliza, "sasa ananyonya?"