Mbili Ambayo Haikuwa Mbili

Mpaka leo nikipita Runyenjes na kuliona lango la shule yangu, damu hunichemka. Nilikuwa kidato cha nne, na mwalimu wa hesabu alikuwa ametufikisha kwenye limiti. Aliandika ubaoni fankisheni moja: juu x mraba toa nne, chini x toa mbili. Fankisheni ni kama mashine ya kusaga, unatia namba inakutolea namba. Hii ilikuwa na kasoro. Ukiitia mbili unapata sufuri juu, sufuri chini, na mashine inakwama.

Yeye akakata x toa mbili juu na chini, ikabaki x jumlisha mbili. Akaweka mbili, akapata nne, akapiga mstari. Nikainua mkono.

"Mwalimu, si tumekata kwa sababu x si mbili? Sasa mbona tunaweka mbili?"

Alinitazama kama niliyemtukana mamake. "Wewe ndio umesomea hii kitu? Kata, weka mbili, maliza! Toka nje, na usirudi bila mzazi."

Swali langu lilikuwa zuri. Nasema bila haya, maana nimelifundisha miaka mingi sasa huku Embu mjini na bado sijaona kosa lake.

Baba alikuja kesho yake, akaacha kahawa ikiivia mitini. Hakuuliza nimeuliza nini. Alishika kofia mkononi akasema pole mara tatu, mtu mzima, kwa kosa lisilokuwepo. Hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Mwalimu akatoa sharti: barua ya kuomba msamaha Jumatatu, au nisikanyage darasani, na moko, mtihani wa majaribio, ulikuwa wiki mbili mbele.

Tukirudi tulipitia kwa nyanya, mamake mama, kumpelekea sukari. Baba akasimama penye migomba kama kawaida yake. Kwetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Akakohoa, akasalimia kutoka hapo, akanipa sukari nipeleke. Nyanya akaitikia kutoka jikoni bila kujitokeza.

Niliporudi nikamuuliza, "Baba, hapa huwa unaenda wapi?"

"Si ni kwa cucu, nyanya yako?"

"Na hujawahi kufika."

"Kufika ni kukosa adabu. Lakini kila mtu anajua naenda kwake." Akashika njia. "Na hiyo rimiti yenu ni nini, yenye imeniletea aibu?"

Nikacheka mpaka nikalia, maana alikuwa ameshaieleza mwenyewe. Limiti haiulizi kama x imefika kwenye mbili. Inauliza x ikizidi kuikaribia mbili, jibu linaelekea wapi. Linaelekea nne, hata kama pale penyewe mlango umefungwa.

Ndipo hasira ikanipanda upya. Mwalimu angeniambia hivyo kwa dakika moja! Alikuwa ameoa kijiji cha pili tu, na kila Krismasi alisimama kwenye migomba ya mama mkwe wake, akikohoa.

Jumatatu nikapeleka barua. Niliandika kwamba naomba msamaha kwa kuuliza, na mkono ulikuwa mzito kila neno. Baba alikuwa ametia sahihi chini. Mwalimu akaisoma polepole, akaikunja, akanionyesha kiti changu.

"Sasa umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu. Baba amenifundisha."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alidhani nazungumzia adabu.