Kidole cha Mama nyuma ya nyumba

Juzi nilimuona mjukuu wangu akikata miti ya muhogo vipande vipande ili aipande, ikabidi nikae chini kidogo.

Nilikumbuka mchana ule Mama aliporudi mapema kutoka kwenye mashini ya kumenya kahawa. Huko alifanya kazi ya siku tu, wakati wa mavuno. Nguo yake ilinuka maganda yaliyochacha, kama kawaida, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Mkono wa kuume ulishika jani la mgomba lililokunjwa. Koko, mama yake, alilipokea, akalifukia nyuma ya nyumba. Ndani yake kulikuwa na kidole.

Sikulia. Wiki ileile Koko alikuwa amenifundisha kupanda muhogo: unakata, unafukia, inaota. Basi mashini ilikuwa imekata, Koko amefukia, yalibaki maji tu. Nikachukua kibuyu.

Mama alinikuta pale Koko alipofukia.

"Unafanya nini, mutoto wangu?"

"Niko natilia kidole maji, Mama. Itaota mbio, utarudia ku kazi."

Leo najua kwamba siku ile, kabla jua halijatua, mwanamke mwingine alikuwa ameshasimama kwenye mashini ile mahali pake. Nafikiri Mama alijua palepale. Lakini hakucheka. Alichuchumaa kando yangu, akachukua kibuyu kwa mkono uliokuwa mzima.

"Usitie mingi," alisema, "itaoza."

Kisha akatia mwenyewe, polepole, mpaka maji yakaisha.