Unene Uliomfurahisha Mama

Miaka ile ya tisini, mtaani kwetu Mirongo, Mwanza, watu waliogopa kukonda kuliko njaa. Kijana akipungua kidogo tu, majirani walianza kunong'ona kuhusu ukimwi. Mdogo wangu alirudi kutoka Dar es Salaam amekauka, mikono imejaa vidonda vya sindano. Kwa hiyo alipoanza kunenepa, mama alichinja mbuzi akaita watu waje kumshukuru Mungu.

Sote tulijua kwamba alikuwa anajidunga unga. Alijifunzia Dar, alikokwenda kufuata mabelo ya mitumba biashara ilipofunguliwa. Mama aliamini ameacha, na ushahidi wake ulikuwa ule uso wa mviringo.

Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati moja upande wa Butimba. Siku ya mbuzi nilimkuta mkekani, wageni wakimtania kwamba sasa anafanana na mwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Alicheka nao, lakini kope zilikuwa zimevimba hadi macho yakabaki mistari. Nilichuchumaa kama ninayemtengea chakula, nikambonyeza mguu juu ya kifundo. Kidole kiliacha shimo, na shimo halikujaa.

"Dada, usiniharibie sherehe," alininong'oneza.

"Mkojo wako unatoa povu?"

Alitazama sahani yake. "Kama maji ya kufulia."

Kesho yake alikuja zahanati. Nilitia mkojo wake kwenye kineli, kile kichupa chembamba cha kioo cha kupimia, nikaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Sehemu ya juu ikaganda, nyeupe kama ute wa yai uliochemka. Nikamweleza taratibu. Figo ni chujio: uchafu hupita, protini hubaki kwenye damu. Vidonda vya sindano vikitunga usaha mwaka hadi mwaka, chujio huharibika na protini huvuja. Protini ikipungua, maji hutoka kwenye mishipa na kujaa chini ya ngozi.

"Kumbe sijanenepa."

"Umejaa maji."

Daktari wa hospitali kubwa alisema hivyo hivyo. Mashine ya kusafisha damu Mwanza hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni zile figo zilizobaki nusu nzima, na akiendelea kujidunga, hizo nazo zingekufa.

Kumwambia mama ilikuwa kama kumnyang'anya mtoto mara ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kule kukonda kutarudi.

"Atakonda, mama. Safari hii akikonda ndiyo anapona."

Tulimpeleka Usagara kwa mjomba, mfugaji, mahali ambapo hakuna aliyeuza unga. Mwanzoni alitapika na kutetemeka hata mjomba akadhani ni malaria. Baadaye akaanza kutoka na ng'ombe. Alikunywa vidonge vya kupunguza maji, na mke wa mjomba alimpakulia mboga kabla ya kutia chumvi. Kila mwezi alikuja mjini kupimwa.

Mwezi mmoja hakutokea siku yake. Alikuja siku iliyofuata, akakunja mkono wa shati mwenyewe kabla sijauliza, akanionyesha tundu jipya. Alidhani nitamfukuza. Niliosha kidonda, nikawasha taa ya spiriti, nikamwambia kwamba kuja kwake ni dawa pia.

Baada ya hapo, weupe ule wa kwenye kineli ulianza kupungua mwezi kwa mwezi. Miguu ikarudi kuwa miguu. Mashavu yakaisha, na jirani mmoja akamsimamisha mama kisimani kumpa pole: mwanao mbona anakwisha?

"Yale yalikuwa maji," mama alimjibu. "Huyu sasa ndiye mwanangu. Na wewe mwambie wako, naye anayevimba uso, aje apimwe mkojo, badala ya kumsifia mashavu."

Yule kijana wa jirani alikuja kweli wiki ile, na mdogo wangu ndiye aliyemsindikiza. Katika kineli cha mdogo wangu ulibaki ukungu kidogo, na nilimwambia huenda usiishe. Alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza arudi tarehe ngapi.