Tepe za Rangi kwenye Kabati la Karani Mkuu

Siku ya kwanza kazini, pale Iringa, nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana mpaka nikasahau kuogopa. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na darasa la saba, kozi fupi ya ukarani, na ndoto nyingi. Nikapelekwa masijala, chumba kinachotunza majalada yote ya ofisi. Nyinyi mnayaita mafaili. Msimamizi wangu, mama mpole mwenye miwani, akanionyesha makabati ya chuma. Kila jalada lilikuwa na herufi za idara na namba ya somo, na kila barua iliyo ndani ilikuwa na namba yake tuliyoiita folio.

"Ukiliweka jalada mahali si pake, binti," akaniambia, "umelizika."

Jamani, niliipenda ile kazi. Wengine waliona vumbi, mimi niliona mkoa mzima umelala ndani ya droo: visima, shule, barabara, walimu wanaoomba uhamisho wawafuate waume zao. Ila namba zilikuwa ndefu na macho yalichoka. Nikawaza kuliongezea kabati kitu. Nikaenda mtaa wa Mlandege kwa fundi cherehani kuomba vipande vya kitambaa vilivyobaki.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Unamshonea panya gauni?"

"Kamwene, baba. Nayavalisha majalada."

Alicheka mpaka cherehani ikasimama, akanijazia mfuko.

Nikafunga utepe kwenye mgongo wa kila jalada, ncha ikining'inia nje: bluu kwa maji, kijani kwa kilimo, nyekundu kwa watumishi. Jalada likiazimwa, niliacha mahali pake kibao chembamba chenye jina la aliyelichukua. Kabati lilibaki lile lile, nililiongezea macho tu. Mama msimamizi alifurahi, nami nikaanza kuota masijala zote za nyanda za juu zikiwa na rangi.

Kisha nikahamishiwa Mbeya. Karani Mkuu wa pale alikuwa Mnyakyusa mrefu, koti mwilini jua liwake mvua inyeshe. Mpangilio wote wa namba aliutunga yeye, na kila jalada aliliandika kwa mkono wake.

"Ndugu Karani Mkuu, naomba kuongeza tepe," nikamwambia.

"Makabati yangu yana kasoro?"

"Hapana, mzee."

"Basi hii ni masijala, si harusi."

Dereva wa ofisi, mtu wa utani, akadakia mlangoni: "Mzee, hata bibi harusi hana kasoro, na bado anapambwa!"

Karani Mkuu alijikaza asicheke. Akanipa kabati moja tu, la maji. "Masika yakiisha sijaona faida, unazitoa zote, na habari hii tusiisikie tena."

Nikayapanga yale ya maji kwa rangi, visima bluu, mabomba njano, mifereji nyeupe. Kila asubuhi niliangalia mawingu juu ya mlima Loleza nikiomba masika yasiishe haraka.

Asubuhi moja upepo uliinua bati la masijala, maji yakamwagika ndani. Tulikimbia wote, dereva, tarishi, mama wa chai, tukibeba majalada kwenda ukumbi wa mikutano. Yalipona, lakini yalichanganyika kama maharage na mahindi. Bati lilipogongwa upya, kuyarudisha ikawa kazi ya watu wawili tu wanaozijua namba: mzee na mimi.

Dereva akaokota jalada. "Hili la njano si linakaa na njano wenzake? Mbona hata mimi naweza!" Mama wa chai akadaka bluu, tarishi nyeupe. Kabati la maji likajaa wakati majalada mengine bado ni rundo sakafuni.

Nikageuka kwa Karani Mkuu nikiwa na furaha tele. Nikamkuta ameketi kwenye benchi, anafuta kwa leso jalada ambalo wino wa namba yake umetiririka. Furaha ikanishuka. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mzee, tepe zinajua ukoo tu. Bila namba zako, nani angejua mkubwa na mdogo?"

"Unanibembeleza."

"Kidogo."

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Watumishi kule Iringa uliwapa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu hapana! Watadhani wamefukuzwa kazi. Wape kijani."

"Kijani ni kilimo, mzee."

"Kilimo kipe kahawia, kwani udongo una rangi gani?"

Tulibishania rangi mpaka ofisi ikafungwa. Mlangoni akaniambia, "Ndaga," asante kwa Kinyakyusa, na kesho yake akanituma mwenyewe kwa mafundi cherehani. Baadaye nilizunguka wilaya kwa wilaya nikiwafundisha makarani tepe zangu na namba zake, mpaka nikastaafu.

Sasa nakaa Iringa na binti wa kaka yangu, anayefanya kazi ya kompyuta. Kompyuta ina kipanga-mafaili chake ilichokuja nacho, lakini yeye amekiongezea programu ndogo ndogo. Moja inayapaka mafolda rangi, nyingine inaweka madirisha mawili bega kwa bega, nyingine inabadilisha majina ya mafaili mengi kwa mkupuo. Nilivimba kichwa kama nimemzaa mimi.

"Na mwenye kompyuta yake, yule aliyeitengeneza, ulimwomba ruhusa?"

"Haombwi, shangazi. Unaweka tu."

"Hata kumbembeleza kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikamwonea huruma. Sehemu tamu ya kazi imempita.